Road King 2009: usukani mrefu wa inchi 12 na kurefusha nyaya, nianzie wapi?

Mruwi_RK

Assalaam alaykum jamani.

Mashine ni Harley-Davidson Road King ya 2009. Haina ABS (breki zinazozuia tairi lisikwame), klachi ni ya waya, kruzi (kishika mwendo) inayo. Nataka kuvua usukani wa kiwandani niweke ule mrefu wanaouita wa nyani, inchi 12. Bomba lake ni nene, inchi 1 na robo, ila panapobanwa na raiza (vile vishikio vinavyoushika usukani) na panapokaa gripu ni inchi 1 ya kawaida. Nyaya zote zipite ndani ya bomba; sitaki kuona hata moja ikining'inia nje.

Maswali yangu ni haya. Nyaya za swichi nizirefushe inchi 12 kamili au kuna hesabu yake? Nikate niunge, au ninunue zile za kuchomeka tu bila kukata? Mkono wa mafuta kwenye mashine hii ni wa umeme, hauna waya wa chuma, na naambiwa waya zake sita haziguswi kabisa. Kuna ukweli hapo? Na hosi ya breki na waya wa klachi vya zamani vitafika, au ndiyo pesa nyingine?

Nipo Muscat. Vifaa naweza kuagiza, maltimita ninayo, spana ninazo. Ninachokosa ni mpangilio wa kazi.

Nyuzi_na_Fyuzi

Waalaykum salaam kaka. Kwanza upunguze wasiwasi: kwenye Road King spidomita iko juu ya tenki, na indiketa za mbele zimefungwa kwenye kiunzi cha taa ndogo, haziko kwenye usukani. Kwa hiyo unachorefusha ni nyaya za swichi ya kulia, za swichi ya kushoto, na zile sita za mkono wa mafuta. Hakuna kingine cha umeme huko juu, labda kama kuna mtu alishakuongezea redio au gripu za joto.

Sasa hesabu. Inchi 12 ni kimo cha usukani mpya, si tofauti yake na wa zamani. Hata wa kiwandani unapanda. Isitoshe wauzaji hawapimi sawa: mmoja anapima toka kitako mpaka juu kabisa ya bomba, mwingine mpaka usawa wa gripu. Achana na namba ya kwenye boksi. Chukua uzi, uanzie pale nyaya zinapoingia kwenye kasha la taa, ufuate njia yote mpaka kwenye swichi, mikunjo yake yote. Weka alama. Fanya hivyohivyo kwenye usukani mpya, kwa njia ya ndani utakayopitisha. Tuseme wa zamani umekupa sentimita 46 na mpya 68: tofauti ni 22. Ongeza 5 za kupumulia, kata vipande vya 27.

Usiwe mkarimu kuliko hapo. Ukiongeza sentimita 15 "za akiba" kwenye waya ishirini na kitu, unapata bonge la nyaya ndani ya kasha la taa, na kasha hilo halina nafasi ya kuchezea. Bonge hilo ndilo linalobanwa na nusu mbili za kasha siku ya kufunga, halafu unashangaa kwa nini ukikata kona kushoto fyuzi inaungua.

Kuhusu kukata au kuchomeka: vipande vya kuchomeka ni safi kwa sababu waya wa kiwandani haukatwi, na ukitaka kurudisha usukani wa zamani unachomoa tu. Ubaya wake ni kwamba kila upande unaongeza jozi ya konekta, na zote lazima zikae ndani ya kasha. Kwa swichi, mimi ningekata niunge. Kwa sensa ya mkono wa mafuta ningenunua ya kuchomeka, na sababu nitaieleza chini.

Ukikata, kata upande wa konekta, usikate upande wa swichi. Watu wengi hukata karibu na swichi kwa kuwa ndipo mkono unapofika, matokeo yake viungo vyote vinalala ndani ya bomba penye mkunjo mkali, mahali usipoweza kuvikagua tena bila kufumua kila kitu. Ukikatia sentimita 5 kutoka kwenye konekta, kiungo cha kwanza kitaangukia karibu na mdomo wa bomba na cha pili kitakuwa ndani ya kasha. Bora zaidi, kama una koleo la kubania pini na pini mpya za konekta yako: toa pini ya zamani, unga waya mpya, bana pini mpya mwishoni. Hapo kila waya una kiungo kimoja badala ya viwili.

Konekta zenyewe lazima zifunguliwe pini kwa hali yoyote, maana hazipiti ndani ya bomba. Kabla ya kugusa pini hata moja, piga picha uso wa konekta kwa mbele na kwa nyuma, halafu andika kwenye karatasi: tundu la 1 rangi gani, la 2 rangi gani. Waya nyingi za Harley zina mstari mwembamba wa rangi ya pili, na mstari huo chini ya taa ya gereji hauonekani vizuri. Tumia mwanga wa jua.

Unene wa waya. Kwenye mashine za mwaka wako swichi ya fulu na dim inabeba umeme wa taa yenyewe: bluu inaleta, nyeupe inakwenda fulu, njano inakwenda dim. Taa ya wati 60 inakula kama ampea 5. Shaba ya milimita mraba 0.5 ina ukinzani wa karibu omu 0.035 kwa mita, kwa hiyo kipande cha sentimita 30 kwenda na kingine kurudi ni omu 0.021, ambazo kwa ampea 5 zinakula volti 0.1. Taa haitajua. Ukitaka usalama zaidi, weka 0.75 kwenye hizo tatu na honi, nyingine zote 0.5. Usiweke 1.5 ukidhani unaimarisha. Utajaza bomba bure na zitakataa kupita kwenye mkunjo. Waya uwe wa gari, wenye nyuzi nyingi nyembamba na gamba jembamba linalostahimili joto. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene ni marufuku hapa, unavunjika kwa mtikisiko.

Viungo usivipange mstari mmoja. Cha kwanza sentimita 5, cha pili 8, cha tatu 11, unaendelea hivyo. Ukivipanga pamoja utapata fundo kama la kamba ya ng'ombe, halipiti mdomo wa bomba. Kila kiungo kivae hitishrinki (mpira unaosinyaa ukipashwa joto) yenye gundi ndani, ile ambayo ukiipasha gundi inachuruzika kidogo pembeni. Ya kawaida isiyo na gundi inaziba umeme tu, haizuii maji wala haishiki waya.

Kupitisha ndani ya bomba: kwanza ingiza kidole kwenye kila tundu la usukani mpya. Kama kuna makali, piga faili ya mviringo mpaka yaishe, halafu safisha chembe za chuma kwa kupuliza hewa. Tundu la katikati litiwe kipete cha mpira. Pitisha waya wa breki ya baiskeli kwanza, funga nyaya zako kwenye ncha yake kwa tepu ya umeme kwa umbo la penseli, nyembamba mbele na pana nyuma, zipake poda ya mtoto, na mmoja avute huku mwingine akisukuma. Ukisikia imegoma, rudi nyuma kidogo na ujaribu tena. Ukivuta kwa nguvu gamba linachunika ndani usikoona.

Msafiri_Kisauni

Maelezo mazuri mkuu, lakini umeruka kimoja: anaunga kwa risasi au kwa kubana? Mimi nasema abane. Ukilehemu, risasi inapanda ndani ya nyuzi za waya na kuufanya ule mwanzo uwe mgumu kama msumari. Pale ugumu unapoishia na ulaini kuanza ndipo waya unapokatikia, hasa karibu na shingo ya pikipiki ambapo nyaya zinajipinda kila ukigeuza usukani.

Nyuzi_na_Fyuzi

Kuhusu shingoni nakubaliana nawe moja kwa moja, kiungo cha aina yoyote kisikae panapojipinda. Lakini kubana kunataka koleo lenye meno ya saizi ya kile kibanio. Watu wananunua vile vibanio vyenye plastiki nyekundu na bluu, wanabana kwa koleo la kukatia, na vinachomoka kwa kuvuta kwa vidole. Mwenye koleo sahihi abane. Asiye nalo alehemu: asokote nyuzi za waya mbili ziingiliane, apashe waya wala asipashe risasi, atumie risasi kidogo tu, kisha hitishrinki yenye gundi ipite kiungo kwa angalau sentimita 1 kila upande ili ibebe mzigo wa kupinda. Kiungo hicho kikikaa sehemu iliyonyooka na kufungwa na tai ya plastiki, kitadumu.

Jaribio ni moja kwa njia zote mbili. Vuta. Kikichomoka mezani ushukuru, kingechomoka barabarani.

Mruwi_RK

Ahsanteni sana. Hizo waya sita sasa? Na hii habari ya notchi kwenye ncha ya usukani ni nini? Nimeona matangazo mengine yameandika usukani ni wa 2008 kwenda juu.

Nyuzi_na_Fyuzi

Kuanzia 2008 Harley za safari zote zilihamia kwenye mkono wa mafuta wa umeme. Ndani ya ncha ya kulia ya usukani kuna sensa, na gripu inaikamata kwa meno yake. Sensa ile lazima ikae pahala pamoja isizunguke, ndiyo maana ncha ya bomba ina notchi, yaani mapengo yaliyochongwa, za kuishika. Ukinunua usukani wa mashine za kabla ya 2008, ncha haina notchi: sensa itazunguka pamoja na mkono wako na kompyuta haitaelewa kitu. Kuna watu wanazichonga wenyewe kwa grainda. Usijaribu, zikilegea hata kidogo unapata mkono wa mafuta wenye mchezo, na huo ndio mkono wa kwenda mbio. Gripu nayo ya kulia iwe ya umeme, ya zamani haina meno.

Waya sita ni sensa mbili ndani ya kifaa kimoja. Kila sensa ina waya wa volti 5, waya wa ishara na waya wa hasi. Kompyuta ya injini inasoma zote mbili kwa pamoja na kuzilinganisha. Zikitofautiana inaamini kuna hitilafu, inawasha taa ya injini na kuipunguza nguvu mashine ili ujikokote mpaka nyumbani. Kwa hiyo si kweli kwamba haziguswi. Zinarefushwa kila siku. Ila umeme wake ni mdogo mno, na kiungo kilicholegea ambacho kwenye honi usingekijua, hapa kinaleta ishara inayorukaruka. Ndiyo sababu nilisema kwa hizi ununue kipande cha kuchomeka kilichotengenezwa kwa ajili ya sensa hiyo. Ukiamua kuunga mwenyewe, tumia rangi zilezile sita, usibadilishane hata mbili, na usizipime kwa taa ya kupimia ile ya bisibisi. Taa hiyo inavuta umeme mwingi kuliko laini ya volti 5 inavyostahili. Maltimita tu.

Sensa inatoka kwa kuvutwa taratibu toka kwenye ncha baada ya kulegeza kasha la swichi na kuvua gripu. Usiivute kwa kushika waya.

Bi_Spana

Haya, umeme mmeumaliza. Kaka, sasa tuzungumze breki na klachi, kwa sababu hapo ndipo kuna kazi chafu na ndipo watu wanapokata kona.

Hosi ya breki ya zamani haitafika. Hata ikifika kwa kuvutwa, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho, ndipo utaona. Pima kwa uzi uleule, toka masta silinda (pampu ya breki iliyo kwenye usukani) mpaka kwenye kiungo cha chini kinachogawa kwenda kwenye kalipa (kibano cha breki kwenye gurudumu), usukani ukiwa umegeuzwa upande unaovuta zaidi. Agiza hosi ya kusukwa kwa nyuzi za chuma yenye urefu huo. Angalia pembe ya macho ya banjo, yale matundu ya chuma kwenye ncha za hosi yanayopitisha bolti: kwenye usukani mrefu hosi inashuka wima zaidi, kwa hiyo jicho lililonyooka linaweza kugusa kioo cha upepo. Washa za banjo ziwe mpya kila unapofungua. Za zamani zimeshachukua umbo, zitavuja polepole, na kuvuja polepole ndiko kubaya kwa sababu leva inazama baada ya siku tatu badala ya palepale.

Oili ya breki ni DOT 4 kwa mwaka huo. DOT 5 ni ya silikoni, Harley za zamani zilikuwa zinatumia hiyo, na haichanganyiki na DOT 4. Soma kifuniko cha masta silinda yako kabla ya kumimina. Chupa iwe mpya. DOT 4 inavuta unyevu wa hewa, na hewa ya Muscat mwezi wa saba inajulikana. Funika tenki na madigadi kwa taulo lililoloweshwa maji, kwani tone moja linainua rangi.

Kutoa upepo kwenye usukani mrefu kuna uchungu wake. Hosi ni ndefu, inashuka, na puto la hewa linapenda kukaa juu kabisa, kwenye banjo ya masta silinda, mbali na nipeli (skrubu ya kutolea hewa) ya kalipa. Unapampu chini saa nzima na leva bado laini kama maandazi. Fanya kinyume: chukua sindano ya mililita 60 na mpira wake, jaza DOT 4, isukume kupitia nipeli ya kalipa kwenda juu. Hewa inapanda yenyewe, wewe unaisindikiza tu. Angalia kikombe cha juu kisifurike, uwe unanyonya ziada. Ukimaliza, funga leva kwa mpira ikiwa imebanwa, iache usiku kucha usukani ukiwa umegeuzwa ili masta silinda iwe ndiyo sehemu ya juu kabisa. Asubuhi gonga hosi kwa kidole toka chini kwenda juu, jaza kikombe, funga.

Masta silinda ikae sawa na ardhi unapokuwa umekaa juu ya mashine. Usukani mrefu unashawishi mtu aigeuze ifuate mkono, kisha tundu la ndani linavuta hewa oili ikipungua.

Klachi sasa. Kwa 2009 waya wake haubadilishwi kwa kuchomoa juu na chini kama wa Boxer. Chini unaingia kwenye kifuniko cha ubavu wa kulia wa giaboksi. Unamwaga oili ya giaboksi, karibu lita moja, mara nyingi unalegeza ekzosi ili upate nafasi, unafungua bolti sita za kifuniko, ndani unakuta ile sahani yenye gololi na klipu yake. Gasketi mpya. Kwa hiyo agiza pamoja na waya: gasketi ya kifuniko, gasketi za ekzosi ukiifungua, na oili.

Kurekebisha: kwanza legeza kirekebishi cha kwenye waya mpaka waya uwe mlegevu kabisa. Fungua kifuniko cha klachi upande wa kushoto, legeza nati ya kufungia, zungusha skrubu ya katikati kuingia ndani mpaka uhisi imegusa, bila kulazimisha, kisha irudishe nyuma nusu mpaka mzunguko mmoja. Ishikilie hapo, kaza nati. Ndipo urudi kwenye waya uukaze mpaka pale unapoingia kwenye bano la leva pabaki mchezo wa milimita 1.6 hadi 3.2. Pima mchezo huo usukani ukiwa katikati, kushoto na kulia. Ukipotea upande mmoja, waya umepitishwa vibaya au ni mfupi. Klachi isiyo na mchezo inateleza, na sahani zinaungua bila wewe kujua chanzo ni usukani.

Na jambo la mwisho ambalo kila anayefanya mara ya kwanza anaharibu: unapovua au kurudisha kasha la swichi la kulia, weka kipande cha kadibodi cha unene wa milimita 4 kati ya leva ya breki na bano lake. Kinaifanya leva isikae imerudi kabisa. Bila hicho, kile kijiti cha swichi ya taa ya breki kinagandamizwa na kuvunjika, na taa ya nyuma ama inabaki imewaka muda wote ama haiwaki kamwe. Kitu kidogo, kinakula nusu siku.

Tairi_la_Mbele

Mimi niongeze habari za vifaa na kukaa kwenye mashine, wakubwa wameshamaliza ufundi.

Raiza za Road King zimekaa juu ya bushi za mpira. Kwa usukani wa kiwandani mpira ule unapunguza mtikisiko na hauhisi kitu. Usukani ukipanda, mkono wako unakuwa wenzo mrefu, na bushi zilezile zinaanza kuyumba: unasukuma usukani, usukani unatangulia na mashine inafuata baadaye. Badilisha uweke bushi ngumu za poliurethani wakati kila kitu kimefunguliwa. Kuzifikia baadaye ni kurudia kazi nzima.

Kioo cha upepo: kabla ya kukaza chochote, weka usukani mtupu kwenye raiza, rudisha kioo, geuza mwisho hadi mwisho. Leva, vioo vya pembeni na hosi visiguse kioo wala tenki. Tena ukae. Gripu ikiwa juu ya bega lako mikono itakufa ganzi kabla hujafika Nizwa, sembuse Salalah. Kulaza usukani nyuma kidogo kunasaidia viwiko, lakini ukizidisha viganja vinapinda na leva zinakuwa mbali na vidole.

Suala la mulkiya (kadi ya usajili wa chombo): mabadiliko ya usukani yanaonekana kwa macho, kwa hiyo waulize ROP (polisi wa Oman) kabla ya ukaguzi, usiulize baada. Usukani wa zamani usiuuze. Hapo ndipo vipande vya kuchomeka vinapomzidi aliyekata.

Mruwi_RK

Nimeelewa. Kwa hiyo mpangilio niliouandika kwenye karatasi: betri, kioo, taa na kasha, picha za konekta, kuvua swichi na sensa, hosi na klachi chini, usukani mtupu kwa kupima, nyaya, kufunga, breki, majaribio. Kuna nilipopindua?

Bi_Spana

Mahali pamoja tu: pitisha nyaya kabla hujaufunga usukani kwenye mashine. Ukiwa juu ya meza yenye blanketi, unaugeuza utakavyo na mvuto unakusaidia. Ukishafungwa kwenye raiza unapigana nao.

Na betri: toa hasi kwanza. Kama ina alamu ya kiwandani, hakikisha imezimika, rimoti yake ikiwa karibu, kabla ya kutoa waya, la sivyo mtaa mzima utajua unabadilisha usukani.

Kona_Kali

Samahani kuingilia. Swali linafanana: Street Glide ya 2011, usukani mrefu umeshafungwa, nyaya za mkono wa mafuta zimeungwa kwa kubana. Injini inawaka, silensa (mzunguko wa injini bila kuvuta mafuta) iko sawa, lakini ukivuta mafuta haipandi ipasavyo na taa ya injini inawaka. Ukizima na kuwasha inakuwa nzuri dakika kadhaa, inarudi tena. Sensa imekufa?

Nyuzi_na_Fyuzi

Karibu. Sensa usiilaumu bado, inayokufa kweli haifufuki kwa kuzima na kuwasha.

Soma kodi (namba za hitilafu) kwanza, kwa mwaka huo huhitaji kifaa cha kusomea. Swichi ikiwa imezimwa, bonyeza na ushikilie kitufe cha kurudisha trip, washa swichi, achia. Utaona neno diag. Bonyeza tena utapata herufi za mifumo, ya kwanza ni ya injini. Shikilia kitufe kama sekunde 5, kodi zitatokea moja moja kila ukibonyeza, au neno none. Zinazokuhusu ni hizi: P2122 na P2123 ni za sensa ya kwanza, P2127 na P2128 za sensa ya pili. Yenye 2 au 7 mwishoni maana yake ishara iko chini mno au imekatika. Yenye 3 au 8, iko juu mno. P2138 ni sensa mbili kutokukubaliana. Ziandike, halafu ukiwa bado kwenye kodi shikilia kitufe zaidi ya sekunde 5 mpaka lije neno clear.

Ukipata P2122 peke yake au P2127 peke yake, kiungo kimoja kati ya vile vya sensa hiyo kimelegea. Kama zimetokea zote mbili kwa wakati mmoja, tafuta mahali ambapo waya zote sita zinabanwa pamoja, yaani mdomo wa bomba au ukingo wa feringi (gamba la mbele linalokinga upepo). P2138 ikija peke yake mara nyingi ni kiungo chenye ukinzani: umeme unapita, lakini haupiti wote.

Chomoa konekta za nyaya za sensa pande zote mbili, weka maltimita kwenye omu, probu moja kabla ya kiungo cha mwanzo wa kipande ulichoongeza na nyingine baada ya kiungo cha mwisho wake. Kipande cha sentimita 30 kizima kinapaswa kusoma karibu sawa na ukigusanisha probu zenyewe. Ukiona kimoja kinasoma omu 2 au 3 zaidi ya wenzake, au namba inacheza ukitikisa waya, ndicho hicho. Halafu pima kati ya waya na waya, na kati ya kila waya na chuma cha usukani: isome wazi kabisa. Rudia vipimo vyote usukani ukiwa kushoto mwisho na kulia mwisho, mtu mwingine akiugeuza polepole huku wewe unaangalia namba.

Kwa ulivyoeleza, nakisia ni vibanio. Kata vyote usihangaike kuchagua kimoja, maana vilibanwa na koleo lilelile.

Kona_Kali

Kodi ni P2127 tu. Waya wa ishara wa sensa ya pili unasoma omu 4, ukitikisa unapanda hadi 30.

Msafiri_Kisauni

Kibanio chekundu?

Kona_Kali

Chekundu.